Mkanda wa meno: dalili, vyanzo, na siku ya kuubadilisha

Ukipita Kisenyi hapa Kampala asubuhi, vinu vya mahindi vinapowashwa, utasikia mikanda ya V, ile ya umbo la V inayovuta kwa kubana tu, ikipiga mayowe. Mkanda wa V ukichoka haufichi. Unateleza, unanuka mpira ulioungua, unga unatoka kidogo kidogo, na mwenye kinu anasogeza mota nyuma kidogo, kazi inaendelea. Mkanda wa meno, ule mafundi tunaouita taimingi beliti, hauna nafasi ya kuteleza. Jino limeingia kwenye bonde la puli (gurudumu linalovishwa mkanda), na shafti mbili zinakwenda kwa hesabu moja. Unavuta leo vilevile ulivyovuta siku ya kwanza, mpaka dakika ambayo meno yanang'oka na kazi yote inasimama.

Ndiyo maana wengi huubadilisha wakiwa wameshachelewa, na wengine wakishapata hasara mara moja huanza kuubadilisha ovyo, hata ukiwa mzima. Nimefungua mashine za kufungasha, za uchapaji na za kushona kati ya Kampala na Jinja kwa miaka mingi, na neno langu kwa fundi mwenzangu ni hili: mkanda uliokufa usiutupe kabla hujausoma. Jeraha lake linasema ulikufa kwa sababu gani. Ukiweka mpya bila kuijua sababu hiyo, utanunua mwingine baada ya wiki chache.

Kabla hujafungua kava, zima swichi kuu, piga kufuli, funguo weka mfukoni mwako. Nasema hivi kwa sababu ya mazoea mabaya niliyoyaona sana: umeme ukikatika, kijana anaona hapo ndipo nafasi ya kuingiza mkono kuangalia mkanda. Mashine iliyosimama kwa kukosa umeme haijazimwa. Umeme ukirudi na swichi iko juu, puli itazunguka na vidole viko ndani.

Meno yameng'oka

Hii ndiyo dalili tunayoikuta zaidi, na ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mkanda uko mzima kwa urefu wake, nyuzi hazijakatika, lakini meno kadhaa yamekatwa kwenye shina, mara nyingi yakifuatana. Mota inazunguka, puli ya pili imetulia au inarukaruka.

Kiwanda kimoja Jinja kilikuwa na mashine ya kufungasha sukari kwenye kaveera, yaani mifuko ya plastiki, za robo kilo. Mashine hiyo ilikula mikanda mitatu ndani ya muda mfupi. Nilipofika, msimamizi alikuwa ameshatoa hukumu. "Mzee, mikanda ya siku hizi ni feki tu."

"Lete ule uliotoka," nikamwambia. "Na uliotangulia kama haujatupwa."

Wakaniletea miwili, mmoja ukiwa umeokotwa kwenye pipa. Meno yaliyong'oka yalikuwa sita kwenye mmoja na saba kwenye mwingine, yote mahali pamoja, na meno mengine yote yalikuwa kama mapya: kitambaa chake cha nailoni hakijachubuka, mashina hayana nyufa. Mkanda mbovu kwa kawaida huonyesha ubovu mahali pengi. Huu ulipigwa pigo moja, mahali pamoja. Meno yale sita au saba ndiyo yaliyokuwa yameshika puli ndogo wakati kitu kilipokwama.

Nikamuuliza dada aliyekuwa akiendesha mashine: mara ya mwisho mkanda ulikufa saa ngapi? Akasema, "Umeme uliporudi." Na ule wa kabla yake? "Vilevile, baba."

Basi tukajua. Umeme ulikuwa ukikatika wakati taya za kuchomea plastiki zimefunga. Taya zinapoa, plastiki iliyoyeyuka inaganda katikati yake na kuzishikamanisha. Umeme unarudi, mota inajiwasha yenyewe, au mwendeshaji anabonyeza kitufe cha kijani papo hapo ili kufidia muda uliopotea. Taya hazifunguki, mota inasukuma, na kitu dhaifu kuliko vyote katika mnyororo huo ni jino la mpira. Mota ya kawaida ikiwashwa moja kwa moja huweza kusukuma kwa nguvu mara mbili ya ile ya kazi yake, au zaidi. Hakuna mkanda wa dukani utakaovumilia hilo kila wiki.

Dawa haikuwa mkanda. Tulibandika karatasi kwenye mashine: umeme ukirudi, washa joto kwanza, subiri taya zifike kwenye kiwango chake, zungusha gurudumu la mkono mpaka taya zifunguke, safisha plastiki, ndipo uwashe mota. Tukabadilisha na nyaya za kuwashia, ili mashine isijiwashe yenyewe umeme unaporudi, isubiri mtu abonyeze.

Kwa hiyo ukiona meno yameng'oka mahali pamoja na mengine yote ni mazima, tafuta kilichokwama: plastiki, beringi iliyoshikana, bolti iliyoangukia ndani, breki isiyoachia. Ukiona meno yameng'oka huku na kule, na yaliyobaki yana nyufa kwenye mashina, hadithi ni nyingine. Hapo mara nyingi mkanda ulikuwa umelegea. Mkanda uliolegea haukai chini kabisa kwenye bonde, jino linabebwa kwa ncha badala ya shina, linapinda kila mzunguko mpaka linachoka. Kabla ya kufika hapo huwa unaruka meno: utasikia mlio wa "tra-ta-ta" mota inapoanza, na kwenye mashine ya kufungasha utaona kisu kinakata nje ya alama ya pakiti. Mwendeshaji anarekebisha alama kwa kitufe, kesho inahama tena. Alama inayohama kila siku ni mkanda unaolalamika.

Hesabu pia meno yaliyoshika puli ndogo. Yasipungue 6. Kuna mashine zilizofanyiwa marekebisho hapa hapa, mtu akaweka puli ndogo zaidi ili kuongeza mwendo, meno yanayoshika yakabaki manne. Mkanda wa namna hiyo hautakaa hata ukinunua wa bei gani.

Mkanda umekatika kabisa

Utazame mkato wenyewe, mahali penye mwanga.

Ukikatika mraba, sawa kama umepitishwa kisu, mkanda huo ulikunjwa. Ndani ya mpira kuna nyuzi za kubeba mzigo, nyingi zikiwa za kioo au aramidi (nyuzi ngumu za kiwandani). Zinavuta kwa nguvu sana lakini hazipendi kukunjwa. Mtu aliukunja ili uingie mfukoni, au ulifungwa kwa kamba kama kuni juu ya bodaboda kutoka Industrial Area, au fundi aliyeupachika kwenye puli aliusukuma kwa bisibisi. Nyuzi zilivunjika siku ile, kwa nje hakikuonekana kitu, na mkanda ukafa siku chache baadaye. Ninaposema usiusukume kwa bisibisi ninamaanisha kabisa. Legeza mota, sogeza mpaka mkanda uingie kwa mikono.

Mkato uliochanika ovyo, nyuzi zikitokeza kwa urefu tofauti, ni pigo la mzigo: kitu kilikwama, au jiwe au skrubu iliingia kati ya mkanda na puli. Tafuta kovu la kitu hicho kwenye puli. Mkato wa mshazari ulioanzia ukingo mmoja ni wa puli zisizonyooka, na hilo linatupeleka mbele.

Ukingo mmoja umelika

Mkanda wa meno hupenda kwenda upande mmoja na kugusa kidogo sahani ya pembeni ya puli. Hilo ni la kawaida, lisikutie wasiwasi. Tatizo ni pale ukingo unapokuwa na manyoya, nyuzi zinachungulia, na chini ya kava kuna unga mweusi upande mmoja tu.

Chukua rula ndefu ya chuma, au uzi uliovutwa vizuri, uuweke kwenye nyuso za puli zote mbili. Iguse kila puli sehemu mbili, jumla nne. Uvumilivu wa mkanda wa meno ni mdogo: robo ya digrii, yaani karibu milimita 4 kwa kila mita moja ya umbali. Ule wa V unavumilia mara mbili ya hapo, na ndiyo sababu fundi aliyezoea vinu vya mahindi hudhani amenyoosha kumbe bado. Angalia pia kama shafti zenyewe ziko sambamba ukitazama kutoka juu na kutoka ubavuni. Mara nyingi kosa liko kwenye besi ya mota: bolti moja imekazwa zaidi ya wenzake na mota imeinama.

Sahani ya pembeni iliyopinda au iliyoachia hukata mkanda kama msumeno. Ipitishe kidole, mashine ikiwa imefungwa kufuli.

Mkanda unalegea tena na tena

Hapa watu hukosea kwa sababu ya mazoea ya V. Mkanda wa V hurefuka, unaukaza, unarefuka tena. Wa meno haurefuki kwa namna ya kuonekana. Ukiona umelegea wiki mbili baada ya kuukaza, usiulaumu. Kuna kitu kimesogea: besi ya mota, bolti ya puli ya kukazia, beringi iliyokwisha, au fremu yenyewe ni nyepesi na inapinda mzigo ukiongezeka. Piga mstari wa rangi kwenye besi ya mota, ukivuka mpaka kwenye fremu. Kesho ukikuta mistari imeachana, umempata mwizi. Kama hakuna kilichosogea na mkanda umelegea kweli, basi nyuzi za ndani zimeanza kukatika. Huo utoe leo.

Kelele

Mlio mwembamba unaopanda na mwendo, kama mluzi, mara nyingi ni mkanda uliokazwa kupita kiasi. Shika nyumba ya beringi upande wa puli. Kama ni ya moto sana kuliko zilizo mbali na mkanda, umepata ushahidi wa pili. Ushahidi wa tatu ni kulika kwa mabonde ya mkanda, zile sehemu bapa kati ya jino na jino, mpaka kitambaa kinang'aa au kutoboka. Kupigapiga kwenye kava ni ulegevu. Kukwaruza upande mmoja ni puli zisizonyooka. Mngurumo mzito huwa si wa mkanda kabisa: utoe mkanda, zungusha kila puli kwa mkono, utaisikia beringi yenyewe.

Usipulizie dawa ya mkanda, wala grisi, wala sabuni ili kunyamazisha kelele. Mafuta hulainisha mpira na kuuvimbisha.

Mgongo una nyufa, au mkanda umevimba

Nyufa za mgongoni ni joto au uzee. Mikanda ya mpira wa kawaida hufanya kazi vizuri mpaka karibu nyuzijoto 85. Ukiwa karibu na tanuri la mkate au hita ya plastiki unakauka kabla ya wakati wake. Weka bati la kukinga, au agiza wa aina inayovumilia joto. Mkanda uliovimba, laini, wenye harufu ya mafuta hauoshwi ukarudi. Ziba sili inayovuja kwanza, kisha uubadilishe.

Vumbi linastahili neno moja. Kiangazi hapa vumbi jekundu la murramu huingia kila mahali na kusaga meno kama msasa. Sukari nayo ni mbaya kwa namna yake: Jinja, karibu na ziwa, unga wa sukari hunyonya unyevu na kuganda ndani ya mabonde ya puli. Puli inakuwa kama imenenepa, mkanda unapanda juu na kukaza wenyewe. Tumia brashi kavu kila mwisho wa zamu. Usipulize kwa upepo wa kompresa ukaelekeza uchafu kwenye beringi.

Mkanda mpya unakufa upesi kuliko wa zamani

Kuna mambo mawili ninayoyakagua hapa kabla ya kitu kingine chochote: hatua ya meno na hali ya puli.

Hatua ni umbali kutoka katikati ya jino moja mpaka katikati ya jingine. Aina ya L ina hatua ya milimita 9.525. Aina ya T10 ina milimita 10 kamili. Ukizishika mkononi dukani hutaona tofauti, na muuzaji akikosa moja atakupa nyingine kwa moyo mweupe kabisa. Usipime jino moja. Pima meno 10 mfululizo kwa rula: ya L yatakupa milimita 95 na robo, ya T10 yatakupa 100. Tofauti ya karibu milimita 5 inaonekana hata kwa macho yangu. Ukiuvisha mkanda wa T10 kwenye puli ya L utaingia meno machache ya mwanzo, kisha yale yanayofuata yanapanda ukuta wa bonde. Unazunguka, ndiyo, lakini jino moja au mawili ndiyo yanayobeba mzigo wa yote.

Umbo la jino nalo lazima lifanane. 8M na S8M zote zina hatua ya milimita 8, lakini mviringo wa jino si mmoja. Soma maandishi ya mgongoni na uyaandike kwenye daftari kabla hayajafutika. 1200-8M-30 maana yake urefu milimita 1200, hatua 8, upana 30. Meno yake ni 150. Maandishi yakiwa yamefutika, hesabu meno yote, zidisha kwa hatua, umepata urefu. Weka alama ya chokaa kwenye jino la kuanzia, la sivyo utahesabu mara tatu na kupata majibu matatu.

Puli nayo huzeeka. Meno ya puli yakianza kuwa na ncha kali, yakapinda kama ndoano upande wa mzigo, au ukikuta ukingo wa chuma unaokwaruza ukucha, puli hiyo itakula mkanda mpya. Kata kipande cha mkanda mpya wa aina hiyohiyo kama unacho cha ziada, au tumia mkanda wenyewe bila kuukunja, uulaze kwenye puli: meno yakae bila kuchezacheza. Za aluminiamu hulika mapema zaidi, hasa penye vumbi.

Tunajivunia Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, na kwa haki. Nimechongewa shafti, bushi na puli za V pale ambazo bado zinafanya kazi. Lakini puli ya meno ina bonde lenye umbo maalumu na mgawanyo usiovumilia kosa. Kosa dogo kwenye jino moja linajumlishwa kuzunguka puli yote. Kama fundi hana kikataji cha umbo hilo na kichwa cha kugawanya, atakuchongea kitu kinachofanana na puli. Kwa meno, afadhali kuagiza Nairobi na kusubiri gari livuke mpaka wa Malaba au Busia.

Basi, lini?

Utoe siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya: jino limekosekana, hata moja, ufa kwenye shina la jino, nyuzi zinaonekana, kitambaa cha meno kimetoboka na mpira umetokeza, umevimba kwa mafuta, umepungua upana. Usiseme "tumalizie oda hii kwanza." Mkanda ukikatika kwenye mashine yenye vitu viwili vinavyopishana, kama kisu na taya, au sindano na ndoano ya cherehani ya kiwandani, vitu hivyo hugongana, na hasara inaacha kuwa ya mkanda.

Unga mweusi kidogo siku za mwanzo, kung'aa kwa kitambaa, au mlio mdogo baada ya kukaza upya havitoshi kuubadilisha. Andika, kisha tazama tena baada ya wiki.

Kwa mashine ambayo haiwezi kusimama, usingoje dalili. Kitabu cha mashine kikitoa masaa, yafuate. Kisipotoa, daftari lako litoe. Mkanda uliotangulia ukidumu miezi 10 na uliofuata 9, ubadilishe mwezi wa 7, siku ya usafi, kwa utulivu. Ila kumbuka kuhesabu masaa ya kazi: miezi 9 ya zamu moja na miezi 9 ya zamu tatu ni vitu viwili tofauti.

Siku ya kazi yenyewe, kabla ya kulegeza bolti yoyote, zungusha mashine kwa mkono mpaka kwenye alama yake ya mwanzo, kisha weka nukta za rangi kwenye puli zote na kwenye fremu. Piga picha kwa simu. Baada ya kuvisha mpya, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, ukisikiliza, kabla ya kugusa umeme.

Kukaza: sukuma mkanda katikati ya sehemu iliyo wazi kati ya puli na puli. Kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, uende ndani milimita 1 kwa kila milimita 64 za sehemu hiyo. Sehemu ya milimita 640 inakupa milimita 10. Mizani ya ndoano na rula vinatosha. Zipo pia programu za simu zinazopima mlio wa mkanda ukiugonga kama uzi wa gitaa, nazo zinafaa ukiwa na namba ya mtengenezaji ya kulinganisha. Kidole peke yake hakitoshi, hata cha fundi mzee.

Pima tena baada ya zamu ya kwanza, maana mpya hukaa kwenye mabonde kidogo. Andika tarehe, masaa, maandishi ya mgongoni, na jinsi wa zamani ulivyokufa. Wa zamani ufunge lebo uuweke stoo mpaka wa sasa umalize nusu ya muda wake. Na ule wa akiba usiutundike kwenye msumari, unajikunja hapo hapo kwa uzito wake. Ulaze bapa kwenye boksi, mbali na jua la dirishani na mbali na mota inayotoa cheche.